Mtungi wa gesi wa ruzuku mkoani Mwanza: namna ya kuupata, na namna ya kuujaza mara ya pili

Ruzuku ya serikali kwenye gesi ya kupikia hulipa mara moja tu. Inakupunguzia bei ya mtungi wa kwanza, basi. Gesi ikiisha, kujaza ni juu yako kwa bei ya dukani, mwezi huu na mwezi ujao na mwaka ujao. Wengi wanaopanga foleni siku ya mgawo hawajaambiwa hivyo kwa uwazi, na mwezi wa pili mtungi uko uvunguni mwa kitanda, mama kesharudi kwenye mafiga. Kwa hiyo nitakuomba uufikirie mtungi wa pili, yaani ule wa kujaza kwa fedha yako, kabla hujaukimbilia wa kwanza. Ukiona utaumudu, gesi hii itakuondolea moshi machoni na kifuani kwa miaka. Ukiona hutaumudu, kuna ruzuku nyingine mbili, za jiko banifu (lile linalotumia mkaa au kuni kidogo) na za umeme, ambazo huenda zikakufaa zaidi, nazo nimezieleza huko chini.

Ruzuku yenyewe

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Moja ya njia za kufika huko ni mitungi ya gesi ya kilo 6, pamoja na kichomeo chake, inayouzwa kwa nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Mgawo mkubwa ulipangwa kwa mitungi 452,445 nchi nzima, sawa na 3,255 kwa kila wilaya. Mkoa wa Mwanza una wilaya saba: Nyamagana, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Ukizidisha unapata mitungi 22,785.

Sasa linganisha na watu. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa huu kuwa na watu 3,699,872. Ni mtungi mmoja kwa watu kama 162. Sisemi haya kukukatisha tamaa. Nayasema ili ujue kwamba gari la mitungi likishafika kijijini, anayeanza kutafuta namba ya kitambulisho siku hiyo hiyo amekwisha chelewa.

Jambo jingine la kulielewa mapema ni kwamba REA haikupi fedha mkononi. Inaingia mkataba na kampuni ya gesi, kampuni inaleta mitungi hadi kwenu na kuiuza kwa nusu bei, kisha serikali inailipa kampuni nusu iliyobaki. Kwa hiyo mtu yeyote atakayekuja kwako Usagara au Kisesa akidai umtumie elfu tano kwa simu ili "akushughulikie" ruzuku, huyo ni tapeli. Ruzuku hii haina ada ya maombi wala haina dalali.

Kabla gari halijafika

Anza na NIDA. Mtungi wa ruzuku unatolewa kwa mtu mwenye namba ya kitambulisho cha Taifa, na namba moja ni mtungi mmoja. Kama umeshajiandikisha ila kadi hujaipata, namba inatosha. Piga *152*00# kwenye simu yako ufuate maelekezo ya sehemu ya NIDA, uandike namba mahali ambapo haitapotea. Kama hujawahi kujiandikisha kabisa, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako mapema, ukiwa na cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine ulizonazo na barua ya mtendaji. Hilo ni jambo la kulifanya sasa, mgawo uwe umetangazwa au la. Wazee wetu wengi wa visiwani bado hawana namba, na ukiwasaidia hapa umewasaidia kwenye mambo mengine mengi.

Halafu mtafute mtendaji wa kijiji au wa kata. Taarifa za mgawo huteremka kutoka ofisi ya mkuu wa mkoa kwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa watendaji na wenyeviti, na mara nyingi zinatangazwa kwenye mkutano wa hadhara au kwa kipaza sauti siku chache kabla. Kama una kikundi cha kinamama, mkubaliane mmoja awe anapita ofisini kuuliza, na akisikia awajulishe wenzake. Muulize mtendaji maswali haya: kata yetu imo kwenye orodha? Kampuni gani inaleta? Bei ya ruzuku ni kiasi gani? Wanapokea fedha taslimu au kwa simu? Jibu la swali la pili ndilo muhimu kuliko yote, na sababu yake nitaieleza. Kipaumbele ni vijiji na maeneo ya pembezoni mwa miji, kwa hiyo anayekaa katikati ya jiji asishangae gari likielekea Igombe na Kayenze kwanza.

Hesabu ya mtungi wa pili

Hapa naomba ukae chini na kalamu.

Gesi ya kilo 6 ina moto mwingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kichomeo cha gesi hupeleka zaidi ya nusu ya joto kwenye sufuria, wakati jiko la bati la kawaida la mkaa hupeleka sehemu ndogo tu, kama moja ya tano, na iliyobaki inapotea hewani. Ukichukua nguvu iliyomo kwenye gesi na iliyomo kwenye mkaa, ukapunguza hayo yanayopotea, mtungi wa kilo 6 unafanya kazi ya takribani kilo 25 za mkaa kwenye jiko la kawaida. Debe la mkaa lina kilo nne hadi tano. Kwa hiyo mtungi mmoja ni sawa na madebe matano au sita.

Hapo unaweza kupiga hesabu kwa bei ya kwenu. Tuseme debe la mkaa mtaani kwako ni shilingi 5,000 na kujaza mtungi ni shilingi 24,000. Madebe matano ni 25,000 na sita ni 30,000. Gesi imeshinda, si kwa kishindo, lakini imeshinda, na hujahesabu muda wa kuwasha wala masizi ya sufuria. Tuseme sasa uko kisiwani, mkaa debe ni 3,000, na kujaza gesi ni 30,000 kwa sababu mtungi unavuka maji mara mbili. Gesi imeshindwa vibaya. Na kama kuni unaokota mwenyewe bila kulipa, kila shilingi ya gesi ni shilingi mpya inayotoka mfukoni, hata kama afya yako inaihitaji. Weka bei zako halisi. Anayenunua mkaa kwa sado kila siku ndiye anayelipa ghali kuliko wote, na kwa mtu huyo gesi mara nyingi inalipa.

Familia ya watu watano inayopikia gesi kila kitu itaumaliza mtungi wa kilo 6 kwa kama wiki tatu. Chukua bei ya kujaza, igawe kwa siku 21. Kwa 24,000 inakuja kama 1,150 kwa siku. Kama kila jioni unaweza kuweka 1,200 kwenye kibubu au kwenye simu bila kuigusa, mtungi wa pili upo. Ushauri wangu ni kwamba uanze kibubu hicho mwezi mmoja kabla ya mgawo, wakati bado unapikia mkaa. Ukiweza kukitunza mwezi mzima, chukua mtungi kwa moyo mweupe. Kikikushinda, bora ujue mapema. Na kama wewe ni mvuvi au mke wa mvuvi, weka kwa msimu na si kwa siku: dagaa wanapopatikana gizani weka ya mwezi mzima, kwa sababu mbalamwezi ikishatoka karabai hazina kazi na fedha inakauka.

Hata anayemudu si lazima apikie gesi kila kitu. Chai ya asubuhi, uji wa mtoto, kupasha mboga, kukaanga mayai, sato wa kuchemsha: hivyo gesi inavimaliza kwa dakika chache na mtungi hauhisi. Maharage makavu na makande ndiyo yanayoula mtungi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa mfuniko uliofunga vizuri, na moto uushushe mara tu yanapoanza kutokota. Maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yanayotokota taratibu. Unachoongeza ni mvuke tu.

Siku ya kununua

Nenda na kitambulisho au namba yako, simu, na fedha kamili. Usikubali kuandikwa tu kisha uambiwe mtungi utafuata baadaye. Ulipe, upokee mtungi, kichomeo na risiti, vyote siku hiyo.

Kabla hujaondoka mezani kagua vitu vitatu. Sili ya plastiki juu ya vali iwe haijavunjwa. Mtungi usiwe na kutu iliyochimba wala kovu la kubonyea. Kisha tazama kwenye kola ya chuma, ile pete inayoizunguka vali, utaona namba imegongwa karibu na herufi T au TW. Huo ndio uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Kama umegongwa 7.2, basi mtungi uliojaa unapaswa kuwa kilo 13.2. Omba upimwe. Wauzaji wa gesi wanatakiwa kuwa na mizani, na kuomba kupimiwa ni haki yako. Zoea kufanya hivyo hapa ili uendelee kufanya dukani, kwa sababu ukijaziwa nusu kilo pungufu kila mara, kwa mwaka mzima umepoteza zaidi ya mtungi mzima.

Kuubeba ni wima, iwe kwa bodaboda, kwa daladala au kwa mtumbwi. Mtungi uliolala unaweza kupitisha gesi ya maji kwenye vali.

Ukifika nyumbani

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka na kujikusanya sakafuni, kwenye kona, uvunguni. Yenyewe haina harufu, ila huchanganywa na kemikali inayonuka ili pua yako ikuonye. Kwa hiyo mtungi usiuweke shimoni wala kwenye chumba cha chini kisicho na mlango wa nje. Na kwa wapangaji wa chumba kimoja kwenye milima ya Igogo na Mabatini, mnaopikia humo humo mnamolala, pikeni mlango ukiwa wazi.

Kufunga kichomeo mara ya kwanza kunataka utulivu. Hakikisha koki yake imefungwa. Angalia kama kimpira cha duara kipo mahali pake na hakina mpasuko. Kalisha kichomeo juu ya vali na ukizungushe kwa mkono, taratibu, kiingie kwenye nyuzi sawasawa. Kikigoma usitumie nguvu, kitoe uanze upya, maana nyuzi zikiliwa siku ya kwanza mtungi utavuja maisha yake yote. Kikishakaa, chukua kikombe, weka maji kidogo na sabuni ya unga, koroga mpaka povu liwe zito, kisha lipake kwa sponji kuzunguka sehemu kichomeo kinapokutana na vali, na kwenye shina la koki. Tega jicho. Povu likitulia na kufa polepole, pako salama. Ukiona kapovu kamoja kanakua, kanavimba na kupasuka, halafu kengine kanazaliwa pale pale, hapo gesi inatoka. Fungua, safisha, angalia kimpira, rudia. Usijaribu kamwe kwa kiberiti. Likirudi tena mara ya tatu, toa kichomeo, peleka mtungi nje, urudishe kwa muuzaji na risiti yako.

Kuwasha: njiti kwanza, koki baadaye. Ukifungua koki kwanza ukaanza kutafuta kiberiti, gesi imekwisha kusambaa.

Sasa ugali. Hapa ndipo mitungi ya kilo 6 inawaangusha watu wa Kanda ya Ziwa, na wagawaji hawalisemi. Mtungi ni mfupi na mwembamba, kichomeo kiko juu yake, na juu ya kichomeo kuna sufuria ya ugali wa watu wanane. Ukianza kusonga kwa nguvu, hasa ukifika kwenye unga mzito wa udaga, mtungi wote unayumba, na mtoto amekaa hapo pembeni. Kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kuchemsha maji na kukorogea uji juu ya gesi, kisha kuishusha sufuria kwenye kata sakafuni, usonge hapo kwa nguvu zako zote, na kuirudisha motoni kwa dakika chache iive. Ya pili ni kumpa fundi wa kuchomelea, wapo tele Nyakato, akutengenezee fremu ya nondo yenye miguu minne inayokanyaga chini, na mtungi unakaa katikati. Uzito wa sufuria na nguvu ya mwiko vinabebwa na fremu, kichomeo kinatoa moto tu. Fundi apime urefu vizuri: sufuria iuguse moto bila kukikandamiza kichomeo. Kwa familia kubwa, naona fremu hiyo si anasa, ni sehemu ya gharama ya mtungi.

Upepo wa ziwa nao una yake. Mchana unavuma kutoka majini na unaupeperusha moto hadi sufuria inakosa joto, na wakati mwingine unauzima kabisa huku gesi ikiendelea kutoka. Wengi wanazungushia bati pande zote kuuzuia. Bati likizunguka hadi chini linazuia joto lisitoke, na mtungi wenyewe unapata moto. Kinga upande mmoja tu, ule unaotoka upepo, au sogea nyuma ya ukuta. Shika mtungi kwa kiganja mara moja moja wakati wa kupika. Kwa kawaida unakuwa wa baridi, kwa hiyo ukiwa wa moto zima.

Usiku funga koki. Ukisikia harufu, usiwashe taa wala kuizima, fungua milango, toa watu nje, na kama hali imekushinda piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Kujaza mara ya pili

Nilisema swali la kampuni gani inaleta mitungi ndilo muhimu kuliko yote. Sababu ni kwamba mtungi ni wa kampuni fulani, na duka linabadilisha kwa urahisi mitungi ya kampuni linayoiuza. Ukipewa mtungi wa kampuni ambayo wakala wake wa karibu yuko mjini Mwanza, na wewe uko Maisome, kila kujaza ni safari. Kwa hiyo mara mtendaji atakapokutajia jina la kampuni, nenda kwenye maduka ya senta yenu uwaulize: mnauza gesi ya hawa? Mnajaza kwa kiasi gani? Huwa inawaishia? Usiulize duka moja tu.

Watu wa Sengerema na Buchosa mambo yamewalegea kidogo tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa sababu gari la gesi halisubiri tena kivuko. Ukerewe bado kunahitaji kuvuka maji, na Ukara ni kuvuka mara nyingine tena. Kwa visiwa hivyo ninashauri kitu kimoja: msinunue mmoja mmoja. Kaya kumi zenye mitungi ya kampuni moja zikikusanya fedha na kumwagiza mfanyabiashara mmoja kutoka Nansio, nauli ya mtumbwi inagawanyika kwa kumi, na mwenye duka anaona soko. Ikiwa kuna mwenye duka anayetaka kuanza kuuza, mhimizeni awe wakala aliyesajiliwa, na mizani awe nayo. Mgawo wa ruzuku umeleta mitungi mingi kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linaloweza kumfanya mtu aone biashara hiyo inalipa.

Ukishazoea, nunua mtungi wa pili kwa bei kamili ukiweza, hata baada ya mwaka. Anayemiliki miwili hakatikiwi na gesi katikati ya makande.

Kama gesi haikuafiki: jiko banifu

REA inauza kwa ruzuku majiko banifu pia, na hapo ruzuku ni kubwa zaidi, inabeba sehemu kubwa ya bei. Utaratibu ni ule ule wa kitambulisho na mtendaji. Kwa mtu wa kijijini anayepika kwa mkaa au kuni na hana senti ya kujaza gesi kila wiki tatu, naamini hili linamfaa kuliko mtungi. Jiko banifu zuri hukata mkaa kwa karibu nusu. Likague: udongo wa ndani usiwe na ufa, mlango wa hewa ufunguke na kufungwa, sufuria yako ya kila siku ikae juu bila kuacha uwazi mkubwa pembeni. Liwashie nje, moshi wa mwanzo uishe, ndipo uliingize jikoni. Wala usilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, liwe banifu au la bati. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua.

Na kama una umeme

Watu hawaamini ninapowaambia hivi, lakini kwa baadhi yenu umeme ndio wa bei rahisi kuliko vyote. Tazama LUKU yako. Kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo, D1, yuniti 75 za kwanza kila mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kodi zikijumlishwa zinafika 122. Yaani yuniti zote 75 kwa 9,150. Ukivuka 75 bei inaruka hadi 350 kabla ya kodi, kwa hiyo hesabu vizuri. Jiko la umeme la presha, lile linalofungwa kama sufuria ya kufungia mvuke, linaivisha maharage kwa takribani nusu yuniti kwa sababu likishapata joto linajikata lenyewe. Nusu yuniti kwenye D1 ni kama shilingi 60. Hata kwenye kundi la kawaida la shilingi 292, ambalo na kodi linafika kama 356, ni chini ya 200. Hakuna mkaa wa shilingi 200 utakaoivisha maharage Mwanza. Kwa hiyo mtu mwenye jiko hilo na mtungi mmoja wa gesi ana karibu kila kitu: maharage, makande na michembe kwenye umeme, chai na ugali kwenye gesi, na mtungi unasogea hadi miezi miwili.

Kama bado hujaunganishwa, kijijini gharama ni shilingi 27,000, na hiyo nayo ni ruzuku, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi imelipwa na serikali. Mjini, kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 na isiyohitaji nguzo, ni 320,960. Omba mwenyewe kupitia mfumo wa NIKONEKT wa TANESCO, tena kwa namba ile ile ya NIDA. Nyaya za ndani ya nyumba ni gharama yako kando, na zifungwe na fundi mwenye leseni. Jiko la umeme la presha linataka soketi imara, si waya wa kuunga ulioning'inia.

Mama lishe wa Mwaloni Kirumba na wa stendi ya Buzuruga, mtungi wa kilo 6 si wenu, ni mdogo kwa kazi yenu. Ulizieni halmashauri mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Jiko kubwa la gesi na mitungi miwili ya kilo 15 ni ombi linaloeleweka, na kikundi kilichosajiliwa kina haki ya kuomba.

Ukiona mambo hayaendi sawa

Ukitozwa zaidi ya bei iliyotangazwa, ukinyimwa mtungi wakati jina na namba yako vipo, au ukiona mitungi ya ruzuku inauzwa dukani, andika tarehe, mahali, kiasi ulichodaiwa na namba iliyogongwa kwenye mtungi, piga picha ya risiti, na upeleke kwa mtendaji wa kata. Asipochukua hatua, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya, ambayo ndiyo inayosimamia mgawo wilayani. Kwa mtungi uliojazwa pungufu au unaovuja, muuzaji akigoma, mlango wa kubisha ni EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na kwa mizani ya uongo ni Wakala wa Vipimo. Nenda na mtungi wenyewe ukiweza, kabla hujautumia, sili ikiwa bado juu yake.